Stakabadhi Mbili

Ndani ya kopo la biskuti lililotobolewa na kutu
bibi aliacha shanga, jino la mtoto,
na karatasi mbili.

Ya kwanza ina muhuri wa tai, wino wa zambarau.
Mahiwa, mwezi wa tano, 1917:
mtama magunia manne, mbuzi jike mmoja, kuku sita.
Serikali ya Kaisari italipa vita vikiisha.

Ya pili ni ya penseli, herufi zimelala
kama mvua iliyosukumwa na upepo.
Nyangao, mwezi wa kumi na moja, mwaka uleule:
mtama magunia mawili, kunde pishi kumi,
mwanamume mmoja, mpagazi.
Serikali ya Mfalme italipa vita vikiisha.

Mwanamume mmoja ndiye Chikumbi, mumewe.
Kaandikwa baada ya kunde.

Usinitajie ile methali ya ndovu na nyasi.
Nyasi haipewi stakabadhi.

Mwaka ule, tulifundishwa shuleni,
mfalme wa Warusi alivuliwa taji,
Wamarekani waliokuwa wakitazama pembeni wakaingia uwanjani,
na mabalozi wakafunga mizigo yao,
ila hawakuibeba wenyewe.
Habari hizo zilifika Lindi kwa waya,
zikapanda bonde la Lukuledi kwa miguu,
na zilipofika kwetu zilikuwa zimechakaa,
limebaki neno moja tu:
wanataka chakula tena.

Kisha Oktoba. Siku nne.
Bibi alijikunja na wanawe wawili kwenye korongo,
bombom zikikata matawi juu yao
mpaka majani mabichi yakawafunika kama shuka.
Wazungu wachache. Waliokufa wengi walikuwa weusi,
huku weusi, kule weusi,
na wengine, alisema karani, wametokea Nigeria,
upande jua linakozama.

Siku ya nne usiku akatambaa kutafuta maji.
Alijaza kata. Alipogeuka
mtu alikuwa amelala kando ya mto,
tumbo kalishika kwa mikono miwili,
na alikuwa akisema: ruwa. Ruwa.
Bibi akasikia: ua. Ua.
Akadhani anaamriwa, au anatishwa,
au kuna mwingine gizani anayeamrishwa.
Akakimbia. Maji yalimwagika yote njiani.

Mwezi uliofuata Wajerumani wakavuka Ruvuma,
wakawapiga Wareno Ngomano, wakavaa viatu vyao.
Waingereza wakafuata, na Chikumbi nyuma yao
na ratli hamsini kichwani,
na hapo ndipo ninapomkosa.

Mapatano yalitiwa sahihi mbali,
kwenye ukumbi wa vioo, nasikia.
Vioo vile havikuonyesha mbuzi wetu.

Bibi alikwenda bomani Lindi na karatasi zake,
siku mbili kwenda, siku moja kungoja kizingitini.
Ya kwanza, karani akasema, ni deni la aliyeshindwa.
Ya pili haina jina:
mwanamume mmoja, mama, tumtafuteje?
Akazikunja tena palepale zilipokunjika.

Ilipita vita nyingine.
Mrashi, fundi cherehani wa Mtama, alirudi kutoka Burma
na kovu shavuni na maneno ya watu aliolala nao mahandakini.
Siku moja, akimpima bibi gauni, akajisifia Kihausa chake:
salamu, chumvi, ndugu.
Na maji, akasema, wao huyaita ruwa.

Mama yangu alikuwepo. Anasema bibi hakulia.
Alimwomba Mrashi alitamke tena,
kisha akatoka nje, utepe wa vipimo
ukiwa bado unaning'inia begani.

Hakujua kusoma wala kuandika.
Lakini nyuma ya ile karatasi ya pili,
upande usio na serikali,
kuna duara moja la makaa,
limefutika kidogo,
ukubwa wa mdomo wa kata.