Nipe Mji

Saa kumi na moja alfajiri, banda la kufungashia, Dakhla.
Taa ndefu nyeupe zinatuchubua nyuso.
Mimi wa meza ya saba: nyanya ndogo,
gramu mia mbili na hamsini kwa kikasha,
kifuniko, lebo, sukuma.
Kifuniko, lebo, sukuma.

Kwenye lebo pana jina la nchi,
dogo kuliko mbegu,
na jina hilo si langu. Nalibandika
mara elfu mbili kabla ya chai.

Jumatatu Bwana Lazrak kaja na karatasi.
Huko ng'ambo mahakimu wamekaa, wameamua
nyanya isiseme uongo.
"Mabunda ya zamani yawekeni chini. Ngojeni mapya."
Tukangoja. Nyanya nazo zikangoja,
zikaanza kulegea mabega.
Siku nne, Lehbib, tulifungasha matunda yasiyo kwao.

Touria wa meza ya nane akaniuliza nacheka nini.
Yeye ametoka kaskazini, aliahidiwa nyumba na umeme wa bei nafuu.
"Sikuchukua nchi ya mtu," huniambia, "nilifuata mshahara."
Namwamini.
Nyumba aliyopewa, ndani ya zizi la mjomba wetu,
ina mapazia ya maua.

Kitendawili.
Tega.
Nyumba yangu, ufunguo anao mgeni,
na mgeni husema mimi ndiye ninayebisha hodi.

Umeshindwa? Basi nipe mji.
Ndiyo sheria ya mchezo: asiyejua hutoa mji,
aliyetega huupokea, huenda huko akala, akanywa,
akashiba, kisha ndipo hufumbua.
Lakini mchezoni kila mtu hutoa mji kwa kinywa chake.
Sisi tulikuwa tumelala.
Mmoja alishindwa, mwingine akapokea,
katika chumba chenye bendera na chupa za maji,
na mji uliotolewa
ulikuwa na mama yetu ndani, anakanda unga.

Mama, mwaka ule wa tume, alipanga foleni siku mbili.
Babako nani? Babu? Kisima gani?
Ngamia wenu walipigwa chapa gani, shavuni au shingoni?
Alijibu mpaka mwandishi akabadilisha kalamu.
Wakampa stakabadhi yenye namba.
Akaikunja mara nne, akaitia kopo la chai:
"Siku ya kura nitavaa melfa ya samawati."
Tulimzika kwa sanda kama kila mtu.
Melfa ipo. Stakabadhi ipo.
Nimeigeuza huku na huku: haina tarehe ya mwisho.

Na wewe uko nyuma ya ukuta wa mchanga,
nyuma ya mabomu yaliyozikwa bila majina.
Ulikuja mara moja, kwa ndege ya wageni, siku tano.
Nilidhani utataka kuona bahari.
Ulisimama jikoni
ukifungua bomba, ukifunga, ukifungua.
Sikukwambia maji haya ni ya kale,
yalilala chini ya mawe kabla ya babu wa babu,
na kwamba tunayapandisha sasa
ili nyanya ziende safari ambayo wewe huwezi.

Kwenye ramani ya shule ya mwanangu mpaka haupo.
Kwenye ramani ya daktari mgeni upo, wa nukta nukta,
kama nguo iliyoshikizwa tu,
fundi katoka kidogo, hajarudi.

Ijumaa lebo mpya zikaja.
Zimeandikwa jina la jimbo, basi.
Nafasi ya nchi wameiacha, nyeupe, upana wa ukucha.
Touria akasema, "Afadhali, tuendelee na kazi."
Mimi nikabandua moja, nikaibandika kwenye kopo la mama,
nikaichungulia ile nafasi mpaka chai ikapoa.

Kifuniko, lebo, sukuma.
Wananiuliza, Lehbib, kila mwaka, kwa sauti ya upole,
kama mtu anayetaka kwenda kulala:
umeshindwa? Tupe mji.

Sitoi.
Bado nafikiri.