Betri Ndani ya Hotipoti

Mwezi wa saba Kongwa hauna utani.
Upepo unashuka kilimani kabla jogoo hajamaliza,
unapita chini ya mlango, unapapasa miguu ya kitanda,
na mtu anapiga mswaki amevaa koti.

Saa kumi na mbili tuko kwenye uwanja wa zamani wa ndege,
ule uliochongwa enzi za karanga;
leo ni majani makavu na mavi ya ng'ombe.
Mimi, fundi simu. Sechelela, mtoto wa dada.
Na ndege yetu, sponji ya katoni la televisheni,
gundi kila ubavu,
rafadha nimeiagiza Dar, ikaja na basi.

Juzi tuliirusha bila adabu.
Betri ililala dirishani usiku kucha,
nikaichomeka, taa ikawaka kijani, nikaamini.
Kijani kile kilikuwa cha mdomoni tu.
Dakika moja na nusu, juu ya zizi la akina Mbijili,
mota ikakohoa, ikanyamaza,
rimoti mkononi mwangu ikawa kijiko.
Rafadha ilivunjika kama biskuti
(plastiki nayo ikipoa haitaki kupindwa).
Ndama mmoja akaja, akainusa, akaipuuza.

"Kwani betri inasikia baridi, mjomba?"

Inasikia. Umeme wake haujaisha,
umejikunyata. Uko mle ndani umekunja magoti,
ukiuita kwa nguvu unakuja nusu.

Basi leo betri tatu zimesafiri ndani ya hotipoti ya dada,
zimeviringishwa kanga, ubavuni chupa ya maji,
si ya kuchemka; vuguvugu,
kama ya kumwogesha kichanga.
Soksi za shule tumezitoboa, vidole gumba nje,
maana gumba likifa ganzi
linakwenda kushoto wewe ukiwaza kulia.

Sechelela anachukua ya kwanza, anaibana kwapani
chini ya sweta, anahesabu mpaka mia mbili.
Mia na tisini anaruka, namwona, sisemi.
"Sasa."

Imepanda.
Imepanda, jamani, kana kwamba juzi haikuwepo,
na jua lililokuwa bado halijatufikia sisi
likaifikia yenyewe kwanza, bawani.

Rimoti anashika yeye. Mimi nashika saa.
Dakika tano, nasema. Anaomba ya sita.
Nakataa. Mashavu yake yamelowa, ni upepo,
anasema ni upepo.
Anaishusha taratibu, ikakwaruza majani, ikalala ubavu.

Nyumbani chapati zimefunikwa kwa sahani, zimekakamaa pembeni.
Dada anafunua hotipoti, anatoa betri moja, anaipima uzito.
"Na hizi," anauliza, "mnazila na maharage?"
Hakuna anayejibu.
Lakini haiweki chini.
Anaizungusha kiganjani, bado ina moto kidogo,
na mkono wa pili nao unakuja, unaifunika.