Kufa Mara Arobaini na Moja

Mjukuu wangu Hei-tung ananihesabia kwa vidole,
vya mikono vikiisha anaazima vya miguu:
babu kafa kwa mkuki, babu kafa kwa teke,
babu katumbukia kwenye pipa la siki
ndevu zikabaki zinaelea.
Televisheni huzirudisha usiku wa manane,
saa ambayo Sham Shui Po yote imelala
isipokuwa viyoyozi na wazee wenye kibofu kibovu.

Ya kwanza ilikuwa picha kweli.
Mwana wa Mpika Chumvi. Baba mtu anauawa mwanzoni,
chumvi inamwagika, nyeupe, kisha si nyeupe,
na mtoto aliye uvunguni anaona viatu tu.
Viatu vile ni vyangu.
Miaka kumi na minane, yaani dakika sita,
mtoto anakua, anachota maji, anachoma vidole kwenye mchanga wa moto,
anapanda milima akimsaka mwenye viatu.
Ukumbi mzima pale Mong Kok ulinyamaza,
hata watafunaji wa mbegu za tikiti.
Nilipokufa watu walisimama wakapiga makofi,
mama yangu akiwemo.

Pesa zilipoonekana, Bwana Tsoi akasema: rudi.
Nimekufa, nikamwambia. Akasema: una pacha.
Basi nikawa pacha, nikaja kujilipizia kisasi.
Katika ya tatu nilikuwa mwanangu mwenyewe.
Kwenye ya nne nyota wetu, Fung Ngai-kit, akadai nyongeza,
na Tsoi akaenda Aberdeen, akarudi na muuza samaki
mwenye kisogo kilekile.
Tulimpiga picha kwa nyuma mwezi mzima,
shujaa asiye na uso, akiukemea ukuta.

Kisha zikaota kama uyoga:
Mpwa wa Mpika Chumvi, Mjane wa Mpika Chumvi,
na wale wa Taipei, bila haya, Mpika Sukari.
Hekalu lilelile, leo jekundu, kesho kijani.
Farasi yuleyule, kazeeka kuliko kisa.
Mwalimu mkongwe mwenye nyusi nyeupe
alikuwa na miaka ishirini na sita na kodi ya miezi miwili.
Damu ilikuwa shira na rangi,
sisimizi walihamia shingoni mwangu.
Na zile ngumi zote mlizosikia
ni kijana mmoja akichapa kochi la ngozi kwa henzerani.

Sikuona aibu. Nakala nayo inataka mtu wa kuanguka,
na kiuno hakijui kwamba hii ni sehemu ya tisa.

Ile ya tisa Tsoi hakunilipa.
Dola themanini. Alifunga ofisi, akaacha kalenda ukutani.
Nikaapa kwa sauti ya sinema, peke yangu kwenye ngazi:
hata ikichukua miaka kumi na minane!
Ilichukua thelathini na tisa.

Juzi, kliniki ya figo. Namba yangu sitini na tatu,
yake sitini na nne. Shingo imekuwa ya kuku.
Mkono wangu ukafumba ngumi wenyewe,
unaikumbuka kazi.
Alinitazama sana, jina halikuja.
Akainamisha macho mpaka kwenye viatu vyangu,
akacheka kwa ufizi:
"Wewe! Wewe ulikuwa unakufa vizuri."

Dawa ya deni ni kulipa, nikamwambia.
Akapekua koti, kifua, suruali, koti tena,
akatoa zambarau kavu mbili za chumvi,
akanipa ile kubwa.
Ilinikunja uso. Nilikuwa bado naimumunya
muuguzi alipoita sitini na tatu.

Hei-tung amekaa kitandani, macho makavu:
kwa hiyo ulimuua au hukumuua?
Nampigia hesabu. Zambarau, tuseme dola moja.
Imebaki sabini na tisa.
Jumanne tuna zamu moja tena, mimi na yeye.
Nitavaa viatu vilevile.