Ukurasa wa Mwisho

Kitabu kilinifikia Newala kwa basi la jioni,
na ndani yake hesabu ya kupanga magunia ya korosho
upesi kuliko kalamu ya Somoe, karani wa ghala.

Nikainakili usiku, mstari kwa mstari.
Ikakubali. Gunia la Mnyambe halikupotea tena.

Nikasema: naigawa bure. Tandahimba wachukue,
Nachingwea waifumue, waishone wapendavyo.

Ndipo nikafika ukurasa wa mwisho, herufi za sisimizi:
Soma. Jaribu. Usigawe.

Somoe akacheka:
“Wamekupa jembe, wamekunyima shamba?”

Nikafuta yote.
Siku tatu kitabu kimefungwa chini ya mzani,
nami naandika upya, kwa majina yangu:
fungu, daraja, unyevu.
Lakini mkono una kumbukumbu zake;
mara mbili nimeukuta ukirudi kwenye mstari wa watu,
mara mbili nimefuta.

Yangu ni nzito kidogo. Somoe anasubiri,
anatafuna korosho zilizovunjika.
Juu kabisa nimeandika:
Chukua. Fumua. Ukimpa mwenzio,
usimfungie mlango ulioukuta wazi.