Tepu ya Mita Thelathini

Tepu ni ya mita thelathini, sheria ni ya sitini,
kwa hiyo kila choo nakipima mara mbili:
kwanza kutoka ukingoni mwa Kijito Lunyanga
hadi pale ninapochomeka kijiti cha mwanzi,
kisha kutoka kwenye kijiti hadi mlangoni pa mtu
ambaye tayari amekunja mikono.

Jumuiya ya watumia maji ilinipa daftari,
kofia yenye nembo ya bonde,
na Sikujua wa kunishikia ncha.
Mabuti hatukupewa. Umande wa Juni huku Kilolo
haukauki mpaka saa nne;
soksi zangu zinajua kila shamba la viazi.

Kwa Mgongolwa: hamsini na mbili.
"Choo hiki kilikuwepo kabla ya sheria," anasema,
"basi sheria ndiyo isogee."
Sikujua anacheka. Mimi naandika.
Kwa Tulalumba: sitini na nane, shimo lina kifuniko,
majivu yapo kwenye kopo,
lakini ndiye anayetufuata hadi njiani na mwiko mkononi:
"Na bweni la shule? Lile tenki linalofunguliwa usiku
mvua ikinyesha? Tepu yenu huwa inaishia wapi, getini?"

Inaishia getini, ndiyo.
Mlinzi alitaka barua. Barua inataka muhuri.
Mwenye muhuri yuko semina Iringa mjini,
na maji hayajawahi kungoja muhuri.
Yanashuka. Yanapita chini ya mianzi ya ulanzi,
chini ya daraja la magogo,
yanaliacha jina letu huku juu, yanachukua jina jingine
kule Ikangala, ambako watoto wanne wa nyumba moja
walishikwa na tumbo mwezi wa pili,
na mmoja hakufika zahanati.
Hakuna aliyesema ni sisi.
Hakuna aliyesema si sisi.

Nyumba ya kumi na tisa ni ya mama.
Nilitaka Sikujua apime peke yake.
"Kamwene, mwenye daftari," mama akasema.
"Vuta vizuri, isilegee."
Thelathini. Kijiti.
Kisha kumi na saba.
Tepu ikalala juu ya nyasi
kama ulimi wa mtoto aliyesema kweli mbele ya wageni.

Choo kile alikichimba baba, siku tatu,
udongo mwekundu ukimpanda hadi masikioni;
aliyevuta ndoo ni mama.
Mlango ni bati la paa la zamani, lina tundu la msumari
nililolitumia utotoni kuhesabu nyota,
nimechuchumaa, naogopa fisi.
Nikaanza: labda ni mteremko, labda mwaka huu
kijito kimetanuka upande wetu...
"Andika," akasema.
"Halafu unihesabie na hizi:
mita kumi na tatu zaidi, za kupanda,
saa nane usiku, ukungu, na goti hili la kushoto."

Hilo halina safu kwenye daftari.
Nikaandika 47.
Kisha kwa penseli, pembeni kabisa,
nikachora safu moja nyembamba, nikaandika: goti.

Jumamosi tunachimba huku juu, kwenye mipichi.
Mgongolwa kaja na sururu yake,
bado anagombana na sheria, huku anachimba.
Futi ya tano tumekuta jiwe.
Sikujua kashuka shimoni, anatafuta pa kuliingilia,
sauti yake inatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.
Tumekubaliana njia ya kupandia iwe na ngazi za udongo
na fito ya kushikilia, upande wa kushoto.

Mama katuletea viazi na chai. Amekaa kwenye kifusi,
anatazama bondeni, paa la bweni linapometa,
na anauliza taratibu,
kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:
"Hiyo tepu, ukiiunga na kamba,
haifiki kule?"