Mnazi Haukusoma Tangazo

Karatasi waliibandika Ijumaa, baada ya swala,
kwenye mlango wa kilabu changu hapa Mabokweni,
kwa gundi ya unga iliyokuwa bado vuguvugu:
kuanzia Jumamosi alfajiri mpaka matokeo yatangazwe
ni marufuku kuuza kileo cha aina yoyote.
Mhuri wa duara, saini ya Mtendaji Sembe,
na pembeni jina langu wamelikosea:
Mwanamkasi wamenifanya Mwanakasi.

Nikasoma kwa sauti. Waliokuwapo wakacheka.
Hoza, fundi baiskeli, akataka kata ya mwisho,
kisha ya mwisho wa mwisho,
kisha ile ya kuaga.

Lakini mnazi haukusoma tangazo.

Nyamvi alipanda Jumamosi kama kawaida yake,
kotama kiunoni, kibuyu mgongoni,
maana karara ni kama ziwa la mama,
usipoligusa asubuhi na jioni hukauka,
na kulirudisha ni kazi ya mwezi.
Minazi kumi na minne.
Akaja na madumu mawili kwenye keria,
akiyumba kwa uzito, si kwa kingine.

Koplo Lushinge alishafika, kijana wa bara,
ameketi kizingitini na kirungu magotini.
"Hicho nini?"
"Tembo."
"Tembo ni kileo."
"Saa mbili hii? Onja."
Akaonja. Akalamba mdomo kama mtoto.
Lilikuwa tamu, lina povu dogo, halijajua dhambi.
Akaitazama karatasi, akaitazama kata.
Karatasi haikutaja saa.

Nikauza.
Saa nne akaonja tena, kwa niaba ya serikali.
Saa tano akaonja, akafinya jicho moja.
Saa sita ulimi wake ukashtuka:
"Basi, mama. Hapa limeshakuwa kosa."
Nikafunika mtungi.
Akaegemea baiskeli ya Nyamvi, akaniuliza taratibu
kama minazi ya kwetu nayo hupiga kura.

Miezi miwili walipita hapa wenye kofia mpya,
wakapiga meza: wanywe wote, kwa jina langu!
Watu wakanywa kwa jina lake mpaka wakasahau yao.
Siku zile hakuja mtu na gundi.
Mmoja nilimkopesha pipa zima,
yumo kwenye daftari, elfu sitini na nne,
na Jumapili, ndani ya darasa la tatu B,
nikamkuta kwenye karatasi ya kura, picha yake inacheka.
Nilimpigia? Sikumpigia?
Kura ni siri. Deni si siri.

Matokeo yakachelewa.
Jumatatu madumu ya kona yalikuwa siki tupu,
ukifungua kifuniko macho yanatoa machozi,
na wateja wangu wakakaa kwenye benchi mikono mitupu
wakizungumza bei ya machungwa, kama wageni.

Jioni akaja mke wa Hoza.
Nikajikaza, nikidhani amekuja kugomba, kama siku zote.
Akanunua chupa ya siki, ya achari ya maembe.
Akasimama. Hakuondoka.
"Jana alilala kitandani," akasema,
"akaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi.
Nikamwambia la nne.
Akasema, la nne? Akanyamaza muda mrefu."
Akakaza kifuniko cha chupa kilichokwisha kukazwa.
"Hivi, Mwanamkasi, hawawezi kuurudia huu uchaguzi?"

Sikuwa na jibu. Nilimrudishia chenji yake,
nikazidisha mia mbili, akaiona, akaiacha mezani.

Jumatano redio ikataja mshindi.
Mvua ya usiku ilikuwa imebandua pembe mbili za karatasi,
pembe ya jina langu ndiyo iliyobaki imeshika.
Nyamvi yuko juu, nasikia kotama ikichonga.
Kwa mbali kengele ya baiskeli ya Hoza,
inapinda kona ya msikiti, inakuja.

Niliosha kata.
Nikaiosha tena.