Moja kwa Themanini na Saba

Mlango wa stoo ulipong'oka bawaba
niliulaza juu ya viti viwili.
Huo ndio Changamwe yangu:
sentimita mia na tisini kwa sabini,
na tundu la kitasa nimelifanya shimo la grisi.

Mataruma ni njiti za kiberiti, vichwa vimekatwa,
mia nane na kumi, nimezihesabu,
nikazichovya kwenye oili chafu ya gereji ya Katana
mpaka nyumba nzima ikanuka kazi.
Kokoto ni mchanga wa matumbawe
niliouchekecha kwa chujio la chai.
Mke wangu alilitafuta chujio hilo siku mbili.
Sijakiri.

Kutu ndiyo iliyonisumbua.
Rangi ya dukani ni kutu ya mtu asiyeijua kutu.
Kutu ya Mombasa huja na hewa,
huanzia chini ya ribiti, hula kimya,
huacha juu pakimeta.
Basi nikaloweka misumari kwenye siki, wiki tatu dirishani,
nikapaka kwa unyoya wa kuku.

Bi Swafiya wa chumba cha chini alipanda kutazama.
"Na treni yenyewe inapita wapi?"
Haipiti, nikamwambia. Hii ni wodi.
Yanayokwenda hayaletwi hapa.
Hapa huja lenye ekseli moto, lenye breki iliyogoma,
behewa la saruji lililovunjika mgongo,
tangi linalolia tone tone,
kila moja na kadi yake ubavuni.
"Kumbe reli yote hii, na hakuna safari."
Akashuka. Hakukosea sana.

Nilikuwa mpiga nyundo miaka ishirini na sita.
Gurudumu zima ukiligonga hujibu ngiiin,
sauti ndefu, inapanda hadi kwenye kiwiko.
Lenye ufa hukohoa. Ndu. Basi.
Hilo limenishinda kutengeneza. Magurudumu yangu
ni vifungo vya shati;
nimeyagonga kwa sindano, moja moja, usiku,
yote yamenyamaza.

Mjukuu wangu Mghoi ndiye macho yangu kwa vitu vidogo.
Anashika kibanio, ulimi nje, anapandikiza watu
niliowachonga kwa mpini wa mswaki:
Mwandawiro msimamizi, kitabu kwapani,
wachomeleaji wawili, mmoja amechuchumaa,
mama wa mahamri langoni,
sinia lake ni gamba la samaki.

"Na huyu, babu?"
Amebaki mmoja, ovaroli ya buluu.
Huyo ni Oludhe.
"Anakaa wapi?"

Njia ya tatu. Kati ya bafa na bafa.
Napajua kuliko chumba changu cha kulala.
Asubuhi, manyunyu. Filimbi ikapigwa kwa njia ya pili,
mtu wa injini akaisikia ya njia ya tatu.
Filimbi haina namba.

Nimepima kila kitu hapa kwa rula ya chuma:
kimo cha winchi, upana wa lango,
hata mwarobaini ule uliokatwa mwaka uliofuata.
Hakuna uongo juu ya mlango huu.

Nikamwambia Mghoi: msogeze kushoto.
"Kiasi gani?"
Sentimita moja.
"Moja tu?"
Moja kwa themanini na saba, mjukuu wangu,
ni hatua ya mtu mzima. Si ndefu.
Mtu akiitwa jina lake huipiga bila kufikiri.
Nilikuwa karibu. Sikuita.

Akamtia gundi. Tukamshikilia tukihesabu hadi mia.
Sasa amesimama kando ya njia, mkono kiunoni,
kama anayetaka kuniomba kiberiti.

Nje, treni mpya ilikuwa ikielekea Miritini.
Haigongwi kwa nyundo, wanasema, ina mashine.
Mlango ukatetemeka kidogo.
Nikaitazama njia ya tatu.
Hakuna kilichosogea. Ni unyevu tu:
kadibodi ya paa la karakana imeanza kujikunja pembeni,
kesho nitaipiga pasi.